Moyo Uende Mbio kwa Amri Yako

Wewe ambaye kabla hujaketi mgahawani unatafuta kwanza mlango wa kutokea, makala haya ni yako. Wewe ambaye ukifika ghorofa ya pili na moyo ukaanza kudunda, unashika ukuta na kujiuliza kama leo ndiyo siku yenyewe. Wewe uliyenusurika ajali ya basi, au uliyevamiwa usiku, au uliyekimbia kijiji na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo hujaelewana na mwili wako. Umeambiwa mara nyingi: fanya mazoezi, yatakusaidia. Aliyekuambia hakukosea. Ila hakukueleza kwa nini wewe, uliyewahi kucheza mpira hadi giza likaingia, leo humalizi mzunguko mmoja wa uwanja bila kutaka kukimbilia nyumbani.

Badala ya maelezo ulipewa lile neno tunalompa kila mtu mwenye maumivu yasiyoonekana: jikaze. Jikaze mama. Jikaze, wewe ni mwanamume. Ukajikaza kweli. Ukavaa raba, ukatoka. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, ukarudi nyumbani kwa aibu, na raba zikaingia uvunguni. Mimi nataka utoke tena. Nakuomba tu safari hii tusianze kwa kujikaza, kwa sababu kujikaza ndiko kulikokushinda.

Tuutazame mwili wenyewe, maana fundo liko hapo. Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huongeza kasi, pumzi hufupika, jasho hutoka, misuli hukakamaa. Mtu akikimbia kidogo tu, moyo huongeza kasi, pumzi hufupika, jasho hutoka. Dalili ni zilezile. Asiyewahi kupatwa na shambulio la hofu hata hazitambui. Yeye anajua anakimbia, basi. Lakini wewe mapigo ya moyo wako yaliwahi kukulaza chini. Ulipelekwa hospitali usiku ukiamini moyo unasimama, ukapimwa, ukaambiwa huna kitu. Tangu hapo ubongo wako hauulizi tena moyo unadunda kwa sababu gani. Umekuwa sawa na mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa: jani likianguka, anapuliza filimbi.

Wanasaikolojia wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1986 Steven Reiss na wenzake, nchini Marekani, walitoa orodha ya maswali 16 ya kupima ni kiasi gani mtu anaziogopa dalili za hofu zenyewe: anaogopa moyo ukienda kasi, anaogopa kuishiwa pumzi, anaogopa kutetemeka mbele za watu. Wenye hofu hiyo kwa wingi ndio wanaoyakwepa mazoezi. Sasa rudia kichwani miaka yote uliyojiita mvivu. Uvivu hauhusiki hapa. Ulikuwa unajilinda, kwa juhudi kubwa kuliko ya mtu anayekimbia kilomita kumi, na ulikuwa unajilinda dhidi ya kitu kisichokuua.

Hata madaktari waliwahi kuhofia pamoja nawe. Mwaka 1967, Ferris Pitts na James McClure waliwadunga watu wenye wasiwasi mkubwa lakteti, ile kemikali inayoongezeka mwilini misuli inapofanya kazi nzito. Wengi wao wakapatwa na shambulio palepale. Ikaenea dhana kwamba mtu wa aina hii akitoka jasho anajitafutia balaa, kwa hiyo apumzike. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mashambulio wakati wa mazoezi halisi ni machache. Kisha mwaka 1998 Andreas Broocks na wenzake, huko Ujerumani, wakachapisha matokeo ya wagonjwa 46 wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla. Kwa wiki kumi wengine walikimbia, wengine walimeza dawa iitwayo klomipramini, wengine walimeza kidonge kisicho na dawa ndani. Waliokimbia walipata nafuu iliyo wazi kuliko wale wa kidonge kitupu. Dawa ilifanya kazi upesi zaidi na kwa nguvu zaidi, na hilo nalo lazima lisemwe. Nakutajia na jambo la tatu kwa makusudi: asilimia 31 ya waliopangiwa kukimbia waliacha njiani. Karibu mmoja kati ya watatu, tena katika utafiti wenye madaktari na ratiba. Kama uliwahi kuanza ukaacha, hukuwa peke yako, na hukuwa na kasoro.

Ninachokisimamia katika makala haya ni hiki. Kinachoponya ni moyo kwenda mbio kwa amri yako, na kutulia kwa amri yako. Shambulio lilikupokonya amri hiyo. Aliyekuumiza alikupokonya amri hiyo. Kila hatua ya mazoezi unayoichagua mwenyewe, na kila mara unapoamua mwenyewe kusimama, unairudisha mikononi mwako. Kwa hiyo zoezi lolote linalokunyima haki ya kusimama, hata liwe zuri kiasi gani kwa watu wengine, kwako ni baya.

Jaribu hivi. Tafuta ngazi, au kizingiti cha mlango kilicho imara. Panda na kushuka kwa nusu dakika. Kisha kaa, weka kiganja kifuani, usifanye kingine chochote. Moyo utadunda, na utataka kukutisha. Uache udunde. Usiubembeleze, usiutafutie maji, usimpigie mtu simu. Sikiliza tu mpaka uanze kushuka, maana utashuka. Huo ndio ushahidi ambao mwili wako haujawahi kuupata, kwa kuwa kila mara ulikimbia kabla haujafika. Maneno peke yake hayawezi kuushawishi. Unahitaji kuona mara nyingi: moyo ulipanda, moyo ulishuka, mimi nipo. Wataalamu wa tiba ya hofu huwapa watu wao mazoezi haya kwa makusudi kabisa: kupanda ngazi, kukimbia bila kuondoka mahali uliposimama, kuzunguka kwenye kiti hadi kizunguzungu. Kama mashambulio yako ni makali, yafanye pamoja nao kwanza.

Ukishazoea ngazi, nenda barabarani au uwanjani, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza. Kipimo hicho ni cha zamani na hakihitaji mashine: ukiweza kuimba, unakwenda polepole, ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri, ukishindwa hata kutamka sentensi, umezidisha. Raha ya mazoezi huanza kupungua kwa watu wengi hapo pumzi inapoyashinda maneno, na kwa mwenye wasiwasi ndipo mlinzi yule anapopuliza filimbi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni lengo zuri, ila lisikukatishe tamaa kabla hujaanza. Mwongozo huohuo unasema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Dakika tano za leo ni mazoezi. Na kama unavaa saa inayohesabu mapigo ya moyo, ukajikuta unaitazama kila hatua tatu, ivue uiache nyumbani. Vilevile kahawa nzito, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu huusukuma moyo kabla hujaanza hata kutembea. Usitoke navyo.

Kwa aliyebeba kiwewe kuna vizuizi vingine, na hivi vinaniuma zaidi kwa sababu mara nyingi tunaviweka sisi wenyewe. Aliyekabwa kutoka nyuma hawezi kufanya mazoezi huku mgongo wake umeuelekea mlango. Aliyebakwa huenda asiweze kulala chali sakafuni, macho amefumba, mwalimu akipitapita juu ya kichwa chake. Aliyeteswa, au aliyepigana vitani, akisikia filimbi na amri za kufokewa hujikuta amerudi kule alikotoka. Aliyenusurika ajali tunamwambia akimbie alfajiri kando ya barabara kuu, malori yakimpita na honi zao. Yaani tunampeleka kutafuta afya mahali palepale palipomvunja. Usiku ndoto mbaya hazikumwacha alale. Asubuhi miguu ni mizito. Halafu jirani anasema huyu anajidekeza.

Kama unajiona katika maelezo hayo, badilisha mahali kabla hujajilaumu. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi unafaa. Ufukweni maji yakiwa yamekupwa panafaa, kwa kuwa unaona mbali pande zote. Ua wa nyumba unafaa. Sebule inafaa, pazia likiwa limefungwa na rumba la zamani likipigwa, au singeli kama miguu yako inataka fujo. Kucheza muziki hadi ulowe jasho ni mazoezi kamili, usimruhusu mtu akwambie vingine. Simama mahali unapouona mlango. Toka kukiwa na mwanga. Shika njia ileile wiki nzima na nyingine inayofuata, hata kama inachosha, maana mwili ulioshtuliwa hutulia pale unapojua kona inayofuata ina nini. Kama unahitaji muziki masikioni lakini pia unahitaji kusikia nyayo, weka kisikizio kimoja, sikio la pili libaki wazi.

Kuna na dada zangu ambao hofu yao si kumbukumbu tu. Mluzi wa kijiweni ni wa leo. Mkono wa kondakta ni wa leo. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba tatizo liko kichwani mwake ni kumtukana. Mahali pakiwa salama, watu hutoka. Msitu wa Karura jijini Nairobi uliwahi kuogopwa kwa ujambazi. Ulipozungushiwa uzio na kuwekewa walinzi, wanawake wakaanza kukimbia humo, wengine peke yao. Kigali tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara asubuhi za Jumapili maalumu, magari yakae pembeni na watu watembee, wakimbie, waendeshe baiskeli katikati ya lami. Madiwani wetu, wakuu wetu wa wilaya, nyinyi mnaopanga miji: taa moja ya barabarani na uwanja mmoja usiouzwa ni tiba kwa watu ambao hamtawahi kuziona faili zao.

Ushahidi kwamba mwili uliopata kiwewe unaweza kurudi upo. Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa cha muda mrefu na matibabu ya awali hayakuwatosha. Nusu walipewa saa moja ya yoga kwa wiki, kwa wiki kumi. Nusu walipewa mafunzo ya afya. Mwishoni, zaidi ya nusu ya wale wa yoga hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa wa kiwewe. Katika kundi la pili ilikuwa karibu mmoja kati ya watano. Ninachokipenda zaidi katika yoga ya aina hiyo ni lugha ya walimu wake. Hawaamuru. Wanaalika: ukipenda, inua mkono, ukipenda, uache pale ulipo. Anayeisikia sauti hiyo huenda ni mara ya kwanza baada ya miaka anaulizwa mwili wake unataka nini.

Yoga si ya kila mtu, nami sikulazimishi. Nchini Australia, Simon Rosenbaum na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 81 waliolazwa kwa kiwewe. Waliopewa mazoezi ya nguvu na mpango wa kutembea kwa wiki 12, juu ya matibabu yao ya kawaida, walipata nafuu kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Mazoezi ya nguvu yana siri yake kwa mwenye hofu ya moyo: unanyanyua, unaweka chini, unapumzika, unaamua kama utanyanyua tena. Hayahitaji jimu ya kulipia. Makopo mawili yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba yamewajenga vijana wengi Manzese na Mathare. Na kule Bukavu, mashariki ya Kongo, kituo cha City of Joy kilichofunguliwa 2011 kwa ajili ya wanawake walionusurika ukatili kimeweka kucheza ngoma na kujifunza kujihami ndani ya ratiba yenyewe, pamoja na ushauri nasaha. Wanawake hao wanaruka, wanapiga teke, wanacheka. Nani atathubutu kukwambia kwamba wewe umechelewa?

Najua mama mmoja atasoma hapa aseme: mimi nabeba ndoo za maji tangu alfajiri, nalima, nafua, mazoezi gani tena? Mama, kazi yako ni mazoezi kweli, na mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unaihesabu. Mwili wako una nguvu kuliko wa wengi wanaojisifu. Ninachokutakia ni dakika chache za kujongea ambazo hukutumwa na mtu. Tembea bila ndoo. Cheza bila mgeni wa kumpikia. Hayo machache ndiyo yanayokurudishia amri.

Sasa nawageukia mnaofundisha mazoezi, na mnaoishi na watu hawa. Mwalimu, usimguse mtu kumrekebisha kabla hujamuuliza. Usimshtue kwa nyuma. Mwambie mwanzoni somo litakuwa na nini na litaisha saa ngapi. Usifunge mlango kwa ufunguo, usizime taa ghafla, na mtu akitoka nje katikati ya somo usimwite kwa jina mbele ya wenzake. Mume, mke, kaka, rafiki: neno jikaze liacheni kabisa. Semeni twende, kisha mwende kweli, na mkiambiwa turudi, mrudi.

Maana kuandamana na mtu ni nusu ya kazi. Sisi tuna urithi ambao wengine wanautafuta kwa fedha: mchakamchaka. Uliwahi kukimbia asubuhi shuleni, mmoja anaanzisha, wote mnaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Kuitikia wimbo kunailazimisha pumzi iwe ndefu, kunaufanya mwendo usizidi uwezo wa mapafu, na kunayaondoa masikio yako kwenye kifua chako mwenyewe. Klabu za jogging za Dar es Salaam bado hufanya hivyo asubuhi za mwisho wa wiki, fulana za rangi moja, mmoja mbele na kitambaa chekundu akisimamisha magari. Kama umati unakutisha, kaa nyuma kabisa, au pembeni, penye njia ya kuchepuka. Ukitaka, waambie wawili tu walio karibu nawe. Huna deni la kuusimulia ugonjwa wako kwa klabu nzima.

Yapo mambo ambayo mazoezi hayayawezi. Ukipata maumivu ya kifua unapojituma yanayotulia ukipumzika, au ukizimia ukiwa mazoezini, nenda hospitali kwanza. Hata bila hayo, kapime presha na wingi wa damu, na tezi ya thairoidi pia, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi na mitetemo inayofanana sana na wasiwasi. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa kuwa umeanza kujisikia vizuri. Zungumza na aliyekuandikia.

Na kama hatari bado inalala nawe nyumba moja, hofu yako inasema kweli. Agnes Tirop wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, Septemba 2021. Oktoba mwaka huohuo aliuawa nyumbani kwake Iten. Mapafu yale na miguu ile haikumkinga. Familia yake na wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels ili wengine wapate msaada mapema. Ukiwa Kenya, namba 1195 ni ya bure kwa anayefanyiwa ukatili. Tanzania kuna madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi. Usalama kwanza, mbio zitakusubiri.

Kutakuwa na siku mbaya. Utakuwa katikati ya njia, harufu fulani itapita, au gari litapasuka tairi, na utajikuta umerudi kwenye siku ile. Simama. Fungua macho. Kanyaga chini kwa nguvu uihisi ardhi. Taja kwa sauti unachokiona: ukuta wa bluu, mbuzi wawili, mama muuza vitumbua. Kunywa maji. Ukitaka kurudi nyumbani, rudi kwa kutembea, na ujue kwamba umesimama kwa amri yako, kitu ambacho siku ile hukuruhusiwa. Kesho yake, kama unaweza, nenda mpaka pale ulipoishia, hata iwe kusimama tu kidogo na kuondoka. Usiiache kona ile iwe na kumbukumbu ya jana peke yake.

Basi usisubiri Jumatatu, wala mwezi mpya, wala siku ambayo hofu itakuwa imekwisha. Usiku huu chukua simu umwandikie mtu mmoja unayemwamini: Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nataka kutembea hadi sokoni na kurudi. Twende wote. Nikisema turudi, turudi, usiniulize kwa nini.